Moto wa mlima ukishuka, nani anabaki na depo?

Wapenzi wanakoperative, mwezi huu hatuandiki juu ya mbegu wala juu ya mnyauko wa migomba. Tunaandika juu ya depo. Koperative nyingi zinazosoma jarida hili zinalima mbali, Kibumba, Rutshuru, Masisi, Rusayo, lakini mavuno yao yanalala Goma. Maharagi yanashuka na lori, viazi vinashuka, fromaji ya Masisi inashuka, halafu chukudu inamalizia safari mpaka mlangoni. Hapo magunia yanangoja bei ipande. Na depo kadhaa za namna hiyo ziko Murara.

Asiyejua Murara ajue kwanza hili: ni mtaa wa komine ya Karisimbi ambao chini yake ni jiwe jeusi. Ukitaka kupanda lengalenga nyuma ya nyumba, unanunua udongo, unauleta katika mifuko. Ukuta wa kiwanja ni mawe ya volkano, msingi wa nyumba ni mawe ya volkano, na juu yake watu wengi wanajenga kwa mbao, kwa sababu mbao ni bei nafuu na, wanavyosema wenyewe, mbao unaweza kuzibomoa ukahama nazo. Tulipita pale kwa wiki kadhaa, tukiongea na walinzi wa depo, na wenye nyumba zinazokodishwa, na akina mama wanaouza maharagi kwa kipimo cha bakuli. Swali letu lilikuwa moja tu: siku mlima ukifunguka tena, utajua namna gani, na utafanya nini?

Tuliuliza kwa sababu jibu la mlinzi mmoja wa depo linaweza kuamua kama mavuno ya familia hamsini yanabaki au yanapotea. Linaweza pia kuamua kama yule mlinzi mwenyewe atabaki hai. Hili la pili hatukulisikia likijadiliwa sana katika mikutano.

Kwanza tukumbushane mlima wenyewe. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, na kutoka Goma unauona kwa macho kila siku isiyo na mawingu. Usiku mara nyingi kunaonekana mwanga mwekundu juu yake. Katika miaka hamsini iliyopita umemwaga moto kwenye miteremko yake mara tatu, na kila mara kwa namna yake.

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa juu kabisa lilipasua kuta za mlima na kumwagika chini kwa muda usiotimiza saa moja. Ule moto ulikuwa mwepesi kama maji, ukakimbia kuliko mtu, ukakuta watu vijijini na mashambani. Hesabu ya waliokufa inatofautiana, wengine wanasema makumi, wengine mamia. Mji wenyewe haukuguswa.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, ardhi ilipasuka kutoka juu kushuka upande wa kusini mpaka karibu na Munigi. Moto uliingia mjini siku ile ile, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Watu zaidi ya mia walikufa na karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Lakini tofauti na 1977, moto wa 2002 mjini ulitembea polepole, na watu wengi walitembea mbele yake. Wazee wa Murara wanasimulia namna walivyokuwa wanatoa godoro, wanaenda kuangalia moto umefika wapi, wanarudi kutoa kabati.

Halafu ile ya Jumamosi, 22 Mei 2021. Saa moja ya jioni mbingu ikawa nyekundu. Hakukuwa na amri ya kuhama kabla yake. Moto ulishuka upande wa Kibati na kusimama Buhene, kwenye mlango wa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Nyumba elfu kadhaa katika vijiji vya Nyiragongo ziliungua, barabara ya kwenda Rutshuru ikakatika, na karibu watu thelathini na kitu wakafa.

Tumeyaandika haya kwa urefu kwa sababu kila mtu tuliyeongea naye anapima hatari ya kesho kwa kipimo cha siku aliyoiona mwenyewe. Aliyekuwa mtu mzima 2002 anakwambia: moto ni polepole, kuko wakati. Aliyehama 2021 usiku na watoto mgongoni, halafu akarudi akakuta nyumba haijaguswa, anakwambia: unasimama Buhene. Na wale wachache wenye jamaa waliopotea 1977 hawasemi mengi, ila ndio wanaolala na viatu karibu na mlango. Wote wanasema kweli juu ya siku yao, lakini mlima haukuahidi kurudia siku ya mtu yeyote. Ziwa la moto likiwa juu sana kama 1977, mwendo ni ule wa 1977. Ufa ukifunguka chini karibu na nyumba kama 2002, hata moto wa polepole hauhitaji muda mrefu kufika.

Kuna hesabu nyingine tuliyoisikia mara nyingi, hata kwa vijana waliosoma. Wanasema: kutoka 1977 mpaka 2002 ni miaka 25, kutoka 2002 mpaka 2021 ni miaka 19, basi tuko na nafasi mpaka kama 2040. Ndugu zetu, nafasi mbili si kalenda. Hata mvua za msimu A, ambazo tumeziona maisha yetu yote, bado zinatudanganya.

Tena kuna wanaosema moto uko na njia yake, na nyumba iliyopona 2002 iko nje ya njia. Hiyo ina ukweli kidogo, maana moto unafuata mabonde kama maji yanavyofuata mfereji. Lakini moto ukipoa unakuwa jiwe, na jiwe linajaza bonde. Mfereji uliojaa mawe unapeleka maji kwingine. Ule wa 2021 haukukanyaga tu alama za ule wa 2002.

Basi, watu wa Murara ni wajinga wa hatari? Hapana, na hapa ndipo tunatofautiana na baadhi ya wenzetu wa mashirika wanaokuja na mabango ya kutisha. Hatukukuta mtu hata mmoja asiyejua mlima unaua. Wanajua pia rangi za tahadhari zinazotolewa mjini: kijani ni hali ya kawaida, njano ni kuwa macho, machungwa ni kujitayarisha, nyekundu ni kuondoka. Wanajua Observatoire Volcanologique de Goma, wengi wanaiita OVG tu, na wanajua kwamba 2021 moto ulishuka kabla tangazo halijatoka. Wanayajua yote. Lakini mtu hapimi hatari ya moto peke yake. Anaweka kwenye mizani moto upande mmoja, na upande wa pili anaweka kuhama.

Na kuhama kunaua pia. Siku ile ya Mei 2021, katika hesabu ya kwanza iliyotangazwa na serikali ya watu 15 waliokufa, tisa walikufa katika ajali ya gari wakikimbia. Walioungua na moto wenyewe katika hesabu hiyo walikuwa wawili. UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao. Siku zilizofuata watu wengine walikufa kwa kukosa hewa walipojaribu kuvuka mawe yaliyokuwa bado yanapoa, kwa kuwa barabara ya Rutshuru ilikuwa imekatika na ng'ambo kulikuwa na jamaa, na mashamba, na bidhaa. Hapa tuongee wazi na wanakoperative wa upande wa Kibumba na Rutshuru: jiwe likiwa jeusi juu, ndani bado ni moto, na pembeni linatoa hewa ya sumu usiyoiona. Gunia la viazi likioza, litaoza. Usimtume mtoto wala mbeba mizigo kuvuka.

Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, ilitoka amri. Ardhi ilikuwa inatetemeka mfululizo, nyufa zilionekana katika barabara za mji, na wataalamu waliogopa moto chini ya mji au chini ya ziwa Kivu, ambalo lina gesi nyingi kilindini. Gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliagiza mitaa kumi kati ya kumi na minane ihame. Murara ilikuwa katika ile kumi. Karibu watu 400,000 walitoka kwa siku chache, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Minova na Bukavu kwa mashua, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka.

Na safari hii moto haukuja. Wengi walirudi kabla ya ruhusa, na kurudi kwa utaratibu kulitangazwa mwezi wa Juni na Waziri Mkuu Sama Lukonde. Mtu anayetazama kwa mbali anaweza kusema: mnaona, hawa watu hawasikii. Sisi tuliuliza kwa nini walirudi mapema. Majibu hayakuwa juu ya volkano hata kidogo. Sake hakukuwa maji safi, na watu waliogopa kipindupindu. Watu walilala katika madarasa na makanisa na chini ya miti. Kipimo cha unga kilipanda bei kila asubuhi. Nyumba Murara ilikuwa peke yake. Na kuko wengine waliotuambia jambo dogo zaidi: walikuwa na deni la wiki, na aliyewadai alikuwa amesharudi mjini.

Mwaka 2002 ilikuwa vilevile. Zaidi ya watu 300,000 walikimbia, sehemu kubwa kuelekea Gisenyi, na mashirika yalitaka kuwaweka katika kambi upande wa Rwanda. Siku chache tu, watu wakaanza kurudi, wakikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Tarehe 21 Januari kituo kimoja cha mafuta kilicholipuka katikati ya mji kiliua makumi ya watu waliokuwa wanachota mafuta. Lakini wale waliorudi hawakurudi kwa sababu hawakuona hatari. Kambi katika nchi ya jirani, baada ya miaka ile ya vita, kwao ilikuwa hatari pia, na ile ya nyumba tupu walikuwa wanaijua kwa jina.

Sasa turudi kwa mlinzi wa depo. Mlinzi tuliyemkuta Murara analinda magunia ya koperative tatu. Analala ndani. Tulimuuliza atafanya nini akiona mbingu nyekundu. Alicheka kidogo, akatuonyesha karatasi ya mkataba wake. Imeandikwa kwamba kitu kikipotea akiwa hayupo, atalipa. Haikuandikwa kitu kingine. Basi hesabu yake ni rahisi. Akibaki na moto usije, anapata mshahara. Akikimbia na moto usije, na wezi wakaja, anabaki na deni la magunia ambalo hatalimaliza. Moto ukija kweli, anasema, atauona. Mtu huyu hatari ya mlima anaipima vizuri tu. Mkataba ndio umeweka jiwe upande mmoja wa mizani.

Na haiko kwa mlinzi tu. Mama anayeuza maharagi kwa mkopo wa koperative hawezi kuondoka na magunia matatu mgongoni, na hakuna karatasi inayosema deni lake litakuwa namna gani magunia yakiungua. Kisanduku cha AVEC kiko na kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, ni mpango mzuri sana kwa siku za kawaida. Siku ya kukimbia, kisanduku kiko kwa mmoja, ufunguo wa kwanza uko Sake, wa pili Gisenyi, wa tatu haujulikani. Tulisikia juu ya kikundi kimoja ambacho 2021 kilitumia wiki nzima kutafuta watu wa funguo kabla mtu hajapata hata franka ya kununua chakula, na pesa ilikuwepo muda wote.

Kwa hiyo mapendekezo yetu si mengi, na hayaanzi na mlima. Yanaanza na karatasi. Mkataba wa mlinzi uwe na kifungu kinachosema wazi ni saa ngapi ana haki ya kufunga mlango na kwenda bila kudaiwa. Mkataba wa mkopo useme bidhaa zikiungua deni linagawanywaje, asilimia ngapi kwa mkopaji, ngapi kwa mfuko wa koperative, na mfuko huo ulipiwe kidogokidogo kila gunia linapoingia. Kaye ya depo ipigwe picha kila Ijumaa na telefone, na picha zitumwe kwa watu wawili wasiokaa Goma. Hii haigharimu karibu kitu. Kaye ikipotea, ugomvi wa nani aliweka magunia mangapi unaweza kuua koperative iliyookoa magunia yote. AVEC wakubaliane siku za utulivu kwamba rangi ikiwa machungwa, pesa inagawanywa au inahamia kwenye telefone, na funguo zote tatu zinakusanyika.

Juu ya mahali pa kuweka mavuno, turuhusuni twende mbali kidogo, mpaka pwani. Huko watu wanaishi na hatari ya kimbunga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga kisiwa cha Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Mkarafuu unachukua miaka mingi kabla ya kutoa mavuno mazuri, kwa hiyo mwenye shamba Unguja hakupoteza mavuno ya mwaka mmoja tu. Lakini kisiwa cha Pemba, upande wa kaskazini, hakikuguswa sana, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Aliyekuwa na miti pande zote mbili alibaki na kitu cha kuuza. Watu wa pwani leo wana nafasi ambayo sisi hatuna: kimbunga Hidaya kilipokaribia Tanzania mwezi wa Mei 2024, mamlaka ya hali ya hewa ilitangaza siku kadhaa mbele, na vyombo vya kwenda Zanzibar vikasimamishwa. Upepo wa baharini unaonekana ukija. Mlima wetu unaweza kutoa ishara za wiki, au usitoe kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukisoma. Ndiyo sababu kugawanya mavuno kabla, kwetu, kuna maana kuliko kungoja tangazo.

Tunachoshauri: mbegu ya msimu unaofuata isilale Goma hata siku moja zaidi ya lazima. Mavuno ya kuuza yanaweza kuungua, ni hasara. Mbegu ikiungua, ni misimu miwili. Mbegu ibaki juu, kwa wanachama, au iende depo ndogo upande wa Sake au Minova. Na kumbukeni kalenda: moto wa 2021 ulikuja mwishoni mwa Mei, wakati maharagi ya msimu B yanakaribia kukauka shambani. Waliohama kwa wiki mbili walikuta wengine wameshayavuna. Koperative zilizo na wanachama nje ya eneo la hatari zinaweza kupatana mapema nani ataingia shamba la nani, kwa fungu gani. Hilo likisemwa mbele ya watu wote siku ya amani, halileti kesi. Likiamuliwa usiku wa kukimbia, linaleta kesi ya miaka mitano.

Upande wa mifugo tuseme machache. Mbuzi anakimbia na mwenyewe, ng'ombe hapana. Majivu yakianguka, hata kidogo tu, msiachie wanyama wale majani yale mpaka mvua iyaoshe vizuri, maana majivu ya volkano yanaweza kubeba floridi inayoharibu meno na mifupa. Maji ya mvua kutoka mabati, wenzetu wa Rusayo wanajua kuliko sisi, kwa sababu moshi wa mlima mara nyingi unakwenda upande wao na mvua ya tindikali inachoma majani ya maharagi na migomba. Baada ya majivu, mfereji wa kisima ukatwe kwanza, paa lisafishwe, maji ya kwanza yamwagwe.

Halafu mazuku. Neno hili ni letu, na leo wanasayansi wa nchi nyingi wanaliandika vilevile, mazuku. Ni hewa nzito inayokaa katika mashimo na mabonde ya mawe, hasa magharibi ya mji kuelekea ziwani, asubuhi na mapema na jioni wakati upepo umelala. Wanaokimbilia upande ule usiku, wakitafuta mahali palipoinama ili wajikinge na baridi, wanaweza kulala ndani yake wasiamke. Ukiona mbuzi ameanguka katika shimo bila jeraha, mwache. Wengi waliokufa na mazuku waliingia kumtoa mwingine.

Wapi pa kukimbilia, hatuwezi kuwaandikia njia moja. Barabara iliyo wazi mwezi huu inaweza kufungwa mwezi ujao, si kwa sababu ya mlima. Tangu mwisho wa 2022 maelfu ya watu waliokimbia vita ya Rutshuru walijenga vibanda vya bashi Kanyaruchinya, chini kabisa ya Nyiragongo, na walijua vizuri wamejenga wapi. Waliikimbia bunduki, wakaona mlima ni jirani anayevumilika. Kila familia ichague njia mbili, moja ya Sake na moja ya mpaka au ya ziwa, na kila mtoto ajue jina la mtu wa kukutana naye kila upande. Watoto wadogo waandikiwe namba ya telefone katika nguo.

Tumalizie na mkutano mmoja. Koperative moja yenye depo Murara ilikubali kujadili kile kifungu cha mlinzi, tukaalikwa kusikiliza. Prezida alitaka kiandikwe hivi: mlinzi anaweza kuondoka ardhi ikitetemeka. Wawili wa komite wakakataa palepale, wakasema Goma inatetemeka mara nyingi, basi depo itakuwa wazi kila mwezi. Mama mmoja mwenye magunia mengi kuliko wote akasema waandike rangi: nyekundu ikitangazwa, mlinzi aende. Mlinzi, ambaye alikuwa amekaa mlangoni na hakupewa nafasi ya kusema tangu asubuhi, akainua mkono akauliza: 2021 rangi ilibadilika saa ngapi? Hakuna aliyejibu haraka. Mwishoni waliandika mambo matatu, lolote kati ya hayo linatosha: rangi nyekundu, au amri ya serikali, au moto kuonekana kwa macho ukishuka upande wa mji. Wakaongeza kwamba kabla ya kwenda afunge kufuli mbili na apige simu moja, si tatu kama sekretere alivyotaka.

Kilichobaki ni nani atalipa wezi wakivunja kufuli. Prezida anasema mfuko wa koperative, na mama mwenye magunia mengi anasema mfuko uko na pesa za magunia kumi tu. Watapiga kura kabla lori la kwanza la maharagi ya msimu B halijashuka.